Koti la Kihwele

Kengele ya Mratibu, mtambo wa kompyuta ulioamua nani ni adui, haikuwa na kelele. Ililia mara moja tu, taratibu, kama kijiko kinachogonga kikombe, na kwa sababu hiyo watu wote ndani ya ghala waliichukia kuliko mlio wa kombora. Ilipolia siku ile ilikuwa saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, na Meja Leokadia Gama alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha mdomoni.

Alikimeza hivyohivyo, akauliza ni kituo gani.

"Namba Sita, Afande," Sajini Nyamizi akajibu bila kugeuza uso kutoka kwenye kioo chake. "Kuna maiti inatembea."

Ghala lenyewe lilikuwa la tumbaku, mali ya chama cha ushirika cha enzi hizo, na hata baada ya miezi saba ya vita kuta zake zilikuwa zinanuka majani makavu. Humo ndimo yalimokuwa makao ya kikosi cha Leokadia: vioo vinne vya kutazamia, jenereta, mitungi ya maji, na meza moja yenye mguu mfupi uliotiwa kigingi. Kikosi kilikuwa na vituo sita vilivyotawanyika juu ya milima ya Nkolonga. Namba Sita ndicho kilichokuwa mbali kuliko vyote, kilomita ishirini na mbili, watu kumi na mmoja pamoja na mkuu wao Luteni Chediel Mbwambo, nao walilinda mnara wa mawasiliano uliokuwa pale kileleni.

Juu ya kila kituo ilizunguka droni moja, mchana na usiku. Askari waliziita mwewe. Mwewe alikuwa juu sana kiasi kwamba walio chini hawakumwona wala kumsikia, lakini yeye aliweza kuhesabu vijiti vya kiberiti mkononi mwa mtu. Picha yake haikuja kwa Leokadia peke yake. Ilikwenda kwa brigedi, ikaenda makao makuu ya Shirikisho, ikaenda wizarani, na Mungu ndiye aliyejua ilikoishia. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, ila wahenga hawakuwahi kuona chombo ambacho manahodha wake wote wamekaa nchi kavu.

Leokadia akasogea kwenye kioo. Aliona udongo mwekundu uliochimbuliwa upya, watu wamesimama kuuzunguka, na kando yao mtu amelazwa chini amefunikwa koti. Huyo aliyelazwa alikuwa Praivet Laurian Kihwele. Alikufa saa tatu na dakika kumi asubuhi ileile, alipopigwa na mwewe wa adui akiwa anateka maji. Leokadia alikuwa ameshaipokea taarifa yake, ameshaitia sahihi, na ameshamlilia kidogo kule nyuma ya mitungi ambako hapakuwa na mtu.

"Kifungo chake kimeanza kupiga tena," Nyamizi akasema.

Kila koti la askari wa Shirikisho lilishonewa kifungo upande wa kushoto, ukubwa wa punje ya hindi, na kazi yake ilikuwa kusikiliza moyo. Kifungo kilimjua mwenyewe kwa mapigo yake, maana mioyo, kwa walivyofundishwa, haifanani kama ambavyo nyuso hazifanani. Cha Kihwele kilinyamaza saa tatu na dakika kumi. Sasa kilikuwa kinapiga, na moyo uliokuwa ndani ya koti haukuwa wa Kihwele.

Mratibu alikuwa na neno moja kwa jambo hilo, nalo lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu juu ya kichwa cha mtu mwembamba aliyekuwa akitembea kando ya kaburi: ADUI.

* * *

Meja Leokadia alipomtazama vizuri mtu yule mwembamba, alicheka. Baadaye angekikumbuka sana kile kicheko chake.

Mtu yule alitembea akiburuta mguu wa kulia, akasimama, akajikuna shingo kwa kidole kimoja, akageuka kuwakaripia wenzake. Hivyo ndivyo Kihwele alivyokuwa akitembea, na hivyo ndivyo alivyokuwa akijikuna. Kisha akaruka ndani ya kaburi lililokuwa wazi, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani, akakataa kutoka. Wenzake wakawa wanamtupia vitu: biskuti, kipande cha sabuni, msokoto wa tumbaku. Mmoja alikuwa ameinama kwa kicheko huku anafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Huyo ni Osmund," Leokadia akasema. "Koplo Osmund Mapunda. Anamtania marehemu."

Hakuhitaji kumweleza Nyamizi zaidi ya hapo, kwa kuwa Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi hawafundishwi utani. Kihwele alikuwa Mhehe. Osmund alikuwa Mngoni, kama Leokadia mwenyewe. Mababu zao walichinjana wakachoka, wakaamua kwamba tangu hapo watachekana, na mtani ndiye mwenye haki msibani pale ambapo wengine hawana: kuvaa nguo za marehemu, kuiga sauti yake, kulala kaburini mwake na kuwazuia wafiwa wasizike mpaka wamkomboe kwa chochote. Msiba usio na watani ni msiba wa mtu aliyekosa watu. Osmund alikuwa ameona kwamba Kihwele, kijana wa watu, anazikwa mlimani bila mama wala shangazi, akamfanyia heshima pekee aliyokuwa nayo. Alivua koti lake akamfunika nalo marehemu, akavaa la marehemu.

Ndani ya koti la marehemu mlikuwa na kifungo.

Ujinga wenyewe ulikuwa huo tu, hapakuwa na mkubwa zaidi. Mwaka uliopita adui waliwavua wafu wetu makoti, wakayavaa, wakapita getini mwa kambi ya Mtakuja wakisalimia, wakaua watu arobaini na mmoja, wapishi na majeruhi wakiwemo. Tangu siku hiyo ikatungwa Kanuni ya Kumi na Moja: kifungo cha mfu kikipiga kwa moyo wa mwingine, huyo mwingine ni adui, na waliomzunguka ni mateka mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usiku ule wa Mtakuja kulikuwa na kapteni aliyeshuku, akabonyeza neno SUBIRI, na watu wakauawa wakati huo wa kusubiri. Wakubwa wakaliondoa. Kwenye kioo cha Leokadia nafasi yake bado ilionekana, kisanduku cheupe kisicho na kitu, katikati ya NDIYO na HAPANA.

Chini yake namba zilikuwa zinarudi nyuma. Zilianza na dakika tisa, kwa sababu dakika tisa ndizo ambazo adui aliyeushika mnara angezihitaji ili aingie kwenye mtandao wa brigedi nzima. Zilikuwa zimebaki saba na nusu.

"Waite," Leokadia akasema.

"Afande, dirisha ni saa tano na nusu."

Alilijua hilo. Vituo vya mbele havikuruhusiwa kuwasha redio kabisa, maana chochote kinachotoa sauti hewani mwewe wa adui walikifikia kabla hujamaliza kusema jina lako. Vifungo vilinong'ona tu, na Chediel alifungua kishikwambi chake kwa dakika moja kila nusu saa, akasoma yaliyomsubiri, akajibu, akafunga. Hesabu ya Mratibu ilikuwa inaisha saa tano na dakika ishirini na moja. Kati ya hapo na dirisha palikuwa na dakika nyingine tisa, na pengo hilo lilikuwa kaburi ambalo Osmund alikuwa ameshalala ndani yake.

Hata hivyo Leokadia aliandika. "Mapunda avue koti la Kihwele mara moja. Mwewe aliye juu yenu ni wetu na anamwona kama adui. Gama." Akautuma ujumbe, ukakaa kwenye foleni kusubiri dirisha.

Nyamizi akajaribu kumshusha mwewe chini ili watu wamwone, washtuke, watawanyike. Mwewe hakumsikiliza. Akishamkazia mtu jicho huwa hapokei mkono wa binadamu mpaka jambo liishe. Nyamizi akajaribu tena na tena, na Leokadia hakumkataza, kwa kuwa kila mtu anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono yake.

* * *

Brigedia Pazi alipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Alikuwa anatazama picha ileile.

Leokadia alimweleza kwa haraka, akijisikia mpumbavu, mtu mzima anayeeleza mzaha kwa mkubwa wake huku saa inakimbia. Lakini Brigedia alikuwa Mzaramo wa kweli, mwenye umri wa kustaafu, na hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza alimsikia mzee akivuta pumzi.

"Baba yangu alipokufa," akasema, "Wanyamwezi wawili walivaa kanzu zake wakakaa juu ya jeneza. Mama alicheka mpaka akaweza kulia. Nakuamini, Leokadia."

"Basi zuia, Afande."

"Kwa kitu gani?"

Akamweleza, kwa upole uliomuumiza kuliko ukali, mambo ambayo Leokadia aliyajua lakini alikuwa ametarajia kwamba kule kwa wakubwa ni tofauti. Mkuu wa kikosi ana NDIYO na HAPANA. NDIYO ni lengo moja: kombora dogo la ukubwa wa chupa ya soda, linaloua mtu mmoja na kumwachia jirani yake vumbi. Akibonyeza HAPANA, au akikaa kimya, amri inapanda kwa Brigedia. Na amri ikipanda hupanuka. Mkuu wa kikosi anayekataa kumtaja adui mmoja, Mratibu humhesabu kwamba ameshindwa kuwatofautisha watu wake, basi wote ni adui. Kwenye kioo cha Brigedia palikuwa na neno moja tu, KITUO CHOTE, na kama naye angekaa kimya lingepanda kwa Jenerali, ambako lingejibonyeza lenyewe hesabu ikiisha.

"Jenerali anatazama?" Leokadia akauliza.

"Tunatazama watu ishirini na saba. Nimeona hata jina la waziri hapa. Kila mmoja anaona kwamba wale ni vijana wanazika, mtu yeyote mwenye akili anaona. Ushahidi wa pili ungeifuta amri. Mtu wako afike pale, aone kwa macho, atoe tamko."

Pikipiki kutoka kituo cha karibu ilihitaji dakika arobaini, na Brigedia alilijua hilo, ndiyo maana hakuuliza.

Leokadia alipokuwa luteni, kwenye vita vile vingine, palikuwa na redio yenye waya uliofungwa kwa plasta, na mkubwa wake aliuliza swali moja tu: huko mnaonaje? Uliloona wewe uliyekuwa pale ndilo lililokuwa. Mara nyingine uliona vibaya, watu wakafa, ukawajua kwa majina na ukaishi nao mpaka leo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku hizi wote walikuwa juu ya kitanda kile, waziri na chai yake, na hakuna aliyeumwa na kunguni hata mmoja.

"Sina la kukuamuru, binti yangu," Brigedia akasema. "Hilo ndilo linaloniua. Lolote utakalolifanya nitasema ni mimi."

Lakini Mratibu alikuwa anaandika nani amefanya nini, na hilo nalo wote wawili walilijua.

* * *

Zilibaki dakika mbili na sekunde kumi.

Meja Leokadia alimfahamu Osmund Mapunda kuliko alivyotaka kumfahamu kwa wakati ule. Alikuwa na watoto wawili Peramiho na meno ya mbele yaliyopishana. Siku Leokadia alipopandishwa cheo, Osmund alisimama mbele ya kikosi kizima akatangaza kwamba sasa Wangoni wamefika, na kuanzia kesho Wahehe wote watakuwa wanapiga saluti mara mbili, moja ya cheo na moja ya historia. Kihwele ndiye aliyecheka kuliko wote. Kihwele akajibu kwamba atapiga, ila kwa mguu. Wale wawili walilala hema moja miezi saba, wakitukanana kuanzia alfajiri, na asiyejua angedhani watauana.

Kubonyeza NDIYO kulikuwa kusema kwamba huyo ni adui. Kwa kidole chake, kwa jina lake la ubatizo. Kutobonyeza kulikuwa kuwaua Osmund na wenzake tisa pamoja naye, huku mikono yake ikiwa safi. Leokadia alijiuliza kama kuna mtu duniani angemlaumu kwa kukaa kimya, akaona hakuna, hata mmoja, wangesema mashine ilikosea. Alitamani sana kukaa kimya. Alitamani kama mtu mwenye homa anavyotamani maji.

"Yuko bado kaburini?" akauliza.

"Bado, Afande. Amelala."

"Na wengine?"

"Wako hatua tatu, nne. Udongo utawakinga."

Nyamizi alikuwa analia bila sauti huku akisoma vipimo kwa usahihi. Leokadia akaweka dole gumba kwenye kioo. Mratibu akasoma alama za kidole, akasikiliza kifungo cha koti lake, akaridhika kwamba ni yeye na kwamba moyo ni wake. Kengele ikalia mara moja, taratibu. Namba zikabadilika, zikawa sekunde arobaini.

Kwenye kioo, Osmund aliketi. Utani ulikuwa umekwisha, inaonekana walimkomboa vya kutosha. Alikusanya biskuti na tumbaku yake kutoka kwenye udongo, akampa Chediel aliyekuwa juu. Halafu akasimama wima ndani ya kaburi, uso wake umebadilika, hana mzaha tena, akaanza kuvua koti ili amrudishie mwenyewe azikwe nalo.

Mkono mmoja ulikuwa umeshatoka.

Vumbi lilipotulia, wale tisa walikuwa wamelala chini kifudifudi, wazima, kama Mratibu alivyoahidi. Hakuna aliyechubuka.

* * *

Saa tano na nusu Chediel alifungua kishikwambi. Ujumbe wake ulifika kwanza, na ulikuwa umeandikwa na mtu aliyejikaza. Alisema Koplo Mapunda ameuawa na mwewe wa adui saa tano na dakika ishirini, akiwa ndani ya kaburi la Kihwele. Alisema watawazika pamoja. Aliomba, kama inawezekana, mwewe wetu asogee awafunike, maana vijana wameanza kuogopa anga.

Ndipo ujumbe wa Leokadia, ule wa kwenye foleni, ukashuka kwake.

Leokadia alimwona akiusoma. Alimwona akiusoma mara ya pili, kidole kinafuata mstari. Kisha Luteni Chediel Mbwambo akainua kichwa, akatazama juu moja kwa moja, akawa anamtazama Leokadia machoni bila kumwona.

Zilikuwa zimebaki sekunde thelathini za dirisha. Leokadia aliandika, "Chediel," akaweka mkato, akatafuta neno linalofuata. Alitafuta katika Kiswahili na katika Kingoni cha bibi yake, akitaka neno moja tu la kuanzia, na alipoinua macho dirisha lilikuwa limefungwa. Kama angeandika lolote la maana, angewaambia wakae walivyo, wasiguse kitu. Wakati ule halikumjia.

Kule mlimani Chediel aliwasomea wenzake. Hapakuwa na sauti, na haikuhitajika. Mmoja aliokota jiwe akalirusha juu, likarudi karibu na miguu yake. Mwingine alijishika kifua upande wa kushoto, pale penye kifungo, kama mtu aliyegundua kupe, akakivuta, kikakataa kung'oka. Basi akavua koti zima akalitupa mbali. Aliyekuwa kando yake akafanya hivyohivyo. Chediel akawatazama, akavua lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe.

"Wasivue," Leokadia akasema. Alikisemesha kioo. "Jamani, wasivue."

Vifungo vilinyamaza kimoja kimoja. Kwenye orodha ya kikosi majina yakageuka kijivu, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Wale tisa walikaa chini vifua wazi kuzunguka kaburi, mabega yao yamegusana, wakiwa hai kabisa, na Mratibu akaandika alichokiona: Kituo Namba Sita, askari hai, hakuna. Watu wasiojulikana karibu na mnara, tisa.

Kengele ikalia mara moja, kama kijiko kinachogonga kikombe.

Nyamizi aligeuka kumtazama mkubwa wake. Simu ya Brigedia ilianza kuita mezani. Namba zilikuwa zimeanza tena kurudi nyuma kutoka dakika tisa, na saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na nne. Dirisha lililofuata lilikuwa saa sita kamili.